Mali bila daftari

Serikali ikitaka kuonyesha kwamba inajali urithi wa utamaduni, hujenga. Jiwe la msingi litawekwa, utepe utakatwa, waziri atapigwa picha kando ya kabati la kioo. Sina ugomvi na majengo. Ugomvi wangu uko kwenye fungu ambalo huwa la kwanza kufyekwa bajeti ikibana, na ambalo hakuna mpiga kura aliyewahi kuliandamania: mshahara wa mtu anayeshinda ghalani na rejista, akipima, akipiga picha, akiandika nambari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini kwa makumbusho, maktaba, masijala za nyaraka na data za utafiti, naiona methali hiyo kuwa sera iliyokamilika.

Tuanze na aibu iliyo wazi. Agosti 2023, British Museum ya London ilitangaza kwamba baadhi ya vitu vyake vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa. Baadaye ikajulikana kwamba ni karibu 2,000. Si sanamu kubwa za kubebwa kwa kreni. Ni vito vidogo vya kuchongwa na mapambo ya dhahabu, vingi vya enzi za Wagiriki na Warumi, vilivyokuwa vimelala ghalani na kutumiwa zaidi na watafiti. Vingine vilikwisha kuuzwa kwenye eBay. Aliyeng'amua mchezo huo ni mfanyabiashara wa vitu vya kale aliyekuwa nje ya taasisi kabisa, na taarifa yake aliipeleka tangu 2021. Mkurugenzi alijiuzulu, magazeti yakapata cha kuandika. Kwangu habari kubwa ilikuwa moja tu: vingi vya vitu hivyo havikuwa vimesajiliwa ipasavyo. Ukiiba kitu kisicho na picha wala nambari, mwenye mali atathibitishaje kwamba kilikuwa chake?

Oktoba ya mwaka huohuo uongozi ukatangaza kwamba mkusanyiko wote utawekwa mtandaoni ndani ya miaka 5. Rekodi milioni 2.4 zilihitaji kuongezwa au kuboreshwa, na gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 10. Makumbusho yaliyofungua milango mwaka 1759 yalisubiri mwizi wa ndani ndipo yakaahidi kumaliza daftari lake. Na hayo ni miongoni mwa makumbusho yanayojulikana zaidi duniani. Mengine yakoje?

Huenda wanaopanga bajeti hawajui kazi yenyewe ikoje. Kusajili kitu hakuishii kwenye kuandika "chungu, kimoja". Kwanza unatafuta mahali pasipoonekana, mara nyingi kwenye kitako. Hapo unapaka utando mwembamba wa gundi angavu, ya aina inayoweza kuondolewa siku za usoni bila kuacha alama. Ukikauka, unaandika nambari juu yake kwa wino, kwa herufi ndogo kadiri mkono unavyoruhusu, kisha unafunika kwa utando wa pili. Wino haugusi udongo wa chungu. Vinafuata vipimo, malighafi, picha za pande zote huku rula imelazwa kando. Halafu linakuja lile ambalo wageni wa kazi hii hulidharau: kasoro. Ufa unaanzia wapi, ukingo umemeguka upande gani, doa liko wapi. Vyungu viwili vya mfinyanzi mmoja vinaweza kufanana kama pacha, ila havipasuki mahali pamoja, na polisi wa forodha atakitambua kile kilichoibwa kwa ufa wake kuliko kwa uzuri wake. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha maelezo ya namna hiyo, Object ID, kilichozinduliwa 1997, kinauliza waziwazi kuhusu alama za kipekee. Mwisho unaandika kitu kilitoka wapi, nani alikileta, kwa karatasi gani. Fundi mzuri hamalizi vingi kwa siku. Ukimharakisha, ataandika "chungu, kimoja".

Sheria nayo imejengwa juu ya daftari hilihili, jambo ambalo halitajwi sana kwenye hotuba. Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni unazitaka nchi, katika kifungu cha 5, ziwe na orodha ya taifa na kuihuisha. Kifungu cha 7 kinazikataza kuingiza nchini mwao mali iliyoibwa kutoka kwenye makumbusho au jengo la ukumbusho la nchi mwanachama nyingine, mradi mali hiyo iwe imeandikwa kwenye orodha ya taasisi husika. Usilipite sharti hilo haraka. Mkataba wa 1995 wa UNIDROIT, taasisi ya kimataifa ya kuoanisha sheria za nchi, unaohusu mali za utamaduni zilizoibwa, unampa mdai miaka 3 tangu ajue kitu chake kiko wapi na kiko kwa nani, na kwa kawaida dai linakufa miaka 50 ikishapita tangu wizi. Vitu vya mkusanyiko wa umma vimepewa nafuu katika ukomo huo wa miaka 50. Lakini mkusanyiko wa umma unaelezwa kuwa ni ule wa vitu vilivyoorodheshwa au kutambuliwa kwa njia nyingine. Hata urithi usioshikika, ngoma na ususi na ufundi wa kuunda majahazi, mkataba wake wa 2003 unadai orodha katika kifungu cha 12. Bunge linaloridhia mikataba hii bila kutenga senti ya uorodheshaji limenunua kufuli la mlango usiokuwepo.

Italia ililielewa hili mapema. Kikosi maalumu cha polisi wake wa Carabinieri kinachoshughulikia malikale kiliundwa 1969, mwaka mmoja kabla ya mkataba wa UNESCO, na leo hifadhidata yake ina zaidi ya vitu milioni moja vilivyoibwa, pamoja na picha. Watu hupenda hadithi za makachero na mitego. Mimi navutiwa zaidi na yule padri au mtunza makumbusho aliyepiga picha ya mchoro kabla haujaibwa.

Upande wa pili wa shilingi ni wale ambao mali yao ilichukuliwa kwa nguvu, tena bila kuachiwa stakabadhi. Jeshi la Uingereza liliivamia Benin mwaka 1897 na kupora maelfu ya kazi za shaba, pembe za ndovu na mbao kutoka kwenye kasri la Oba, yaani mfalme wake, katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Zikauzwa, zikauzwa tena, zikatawanyika. Ilipofika Novemba 2022 ndipo tovuti ya Digital Benin ilipoweka pamoja zaidi ya vitu 5,000 vilivyomo katika taasisi 131 za nchi 20. Miaka 125! Fedha za kuianzisha zilitoka kwa wakfu binafsi wa Ujerumani. Nashukuru zilipatikana, ila nauliza kwa nini hazina za nchi zilizoshikilia vitu hivyo hazikuwahi kuona kwamba kuvihesabu hadharani ni wajibu wao. Mjadala wa kurejesha hauwezi kusonga kama mmoja ana madai na mwingine ndiye pekee anayejua kilichomo ghalani.

Nimesema na data za utafiti, na hapa hali ni mbaya kwa namna isiyoonekana. Mwaka 1969 binadamu alikanyaga mwezi kwa fedha za walipa kodi wa Marekani. Mawimbi ya picha za televisheni kutoka Apollo 11 yalirekodiwa kwenye kanda yakiwa na ubora kuliko zile picha hafifu zilizooneshwa duniani. NASA ilizitafuta kanda hizo kwa miaka kadhaa, na 2009 ikahitimisha kwamba yaelekea zilifutwa na kutumika tena, kwa kuwa kanda zilikuwa adimu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kanda hazikuwa zimetengwa kuwa kitu cha kutunzwa, basi zikawa kanda tupu kama nyingine.

Kama hilo liliwezekana kwa safari ya mwezini, fikiria vipimo vya mvua, rekodi za lugha, sampuli za mimea. Watafiti walioongozwa na Timothy Vines, katika makala iliyochapishwa mwishoni mwa 2013, walijaribu kupata data za makala 516 za kisayansi zenye umri wa kati ya miaka 2 na 22. Kadiri makala ilivyokuwa ya zamani ndivyo data zilivyozidi kuwa ngumu kupatikana, na visababishi vilikuwa vya kawaida kabisa: barua pepe zisizofanya kazi, vifaa vya kuhifadhia vilivyopitwa na wakati. Umma umelipa, makala imetoka, profesa amepanda cheo, data zimebaki kwenye diski ndani ya droo. Wafadhili wakubwa wameanza kudai mpango wa kutunza data. Taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH, zinautaka kwa kila ombi la ruzuku ya utafiti wenye data tangu Januari 2023. Sharti zuri. Lakini ruzuku ina tarehe ya kufungwa, na data hazina. Anayelipia mwaka wa nne na wa kumi na nne ni nani? Kijana aliyeajiriwa kwa mkataba wa mradi ataondoka, na nywila ataondoka nayo.

Atakayeniambia kwamba orodha haizimi moto atakuwa amesema kweli. Makumbusho ya Taifa ya Brazil, mjini Rio de Janeiro, yaliungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 yakiwa na takriban vitu milioni 20. Moto ulianzia kwenye kiyoyozi. Mabomba ya maji ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha. Miezi michache tu nyuma, Juni, benki ya maendeleo ya nchi hiyo ilikuwa imesaini kutoa reali milioni 21.7 ambazo zingegusa pia kinga ya moto. Zilichelewa. Miongoni mwa vilivyoteketea ni rekodi za lugha za wenyeji wa asili, na rekodi ya msemaji aliyekwisha kufa haina wa kuirudia. Siku zilizofuata, wanafunzi wa fani ya makumbusho wa chuo kikuu kimoja cha Rio waliwaomba watu waliowahi kutembelea wawatumie picha walizopiga. Yaani kumbukumbu za makumbusho ya miaka 200 zikaanza kuokotezwa kwenye simu za wageni. Sijui kama kuna hoja kali kuliko hiyo kuhusu nakala na mahali pa kuziweka.

Na nakala ya kidijitali nayo si mwisho wa shughuli. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliivamia British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Katalogi yake kuu haikurudi mtandaoni hadi Januari 2024. Vitabu vilikuwepo rafuni muda wote, ila msomaji hakuwa na pa kuvitafutia. Ripoti ya maktaba yenyewe ilikiri kwamba mifumo iliyochakaa ilichangia kuchelewesha urejeshaji. Mifumo nayo ni matengenezo, na matengenezo hayakatiwi utepe.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: orodha ya wazi humwonyesha mwizi njia. Wanaakiolojia huficha viwianishi (nambari za ramani) vya maeneo ambayo hayajachimbwa, na zipo jamii ambazo vitu vyao vya ibada havipaswi kuonwa na kila mtu. Sawa. Daftari liwe na kurasa za umma na kurasa za ndani. Lakini usiri wa kurasa usiwe kisingizio cha kutokuwa na daftari, na aghalabu wanaolalamikia uwazi ndio hao ambao hata za ndani hawana.

Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria na bajeti si kingi. Wasajili waajiriwe kwa ajira ya kudumu, wasihesabiwe kama mradi. Kila taasisi inayopokea fedha za umma itangaze kila mwaka ina vitu vingapi, vingapi vimesajiliwa hadi picha, vingapi bado. Wizara isipewe fedha za ukumbi mpya wa maonyesho kabla takwimu hiyo haijawekwa mezani. Na la mwisho, ambalo najua watunza makumbusho wengi hawatalipenda: taasisi yenye limbikizo kubwa la vitu visivyosajiliwa isimamishe kupokea vitu vipya hadi limbikizo lipungue. Watasema kitu kikikataliwa kitaishia kwa dalali, na wana haki ya kuogopa hilo. Basi iwepo ruhusa ya dharura kwa kinachookolewa kutoka kwenye mchanga wa ujenzi au kinachokamatwa mpakani, kwa sharti kwamba kinasajiliwa siku kinapoingia. Zawadi za matajiri zinaweza kusubiri.