Ukifika Capileira, fuata maji

Picha za vijiji vya korongo la Poqueira, kusini mwa Hispania, zimejaa kila mahali. Pampaneira iko chini, Bubión katikati, Capileira juu kabisa karibu na mita 1,436 kutoka usawa wa bahari. Vyote vitatu vimening'inia kwenye ubavu wa milima ya Sierra Nevada, kuta nyeupe, mapaa bapa, na nyuma yake vilele vyenye theluji. Anayetafuta habari za Alpujarra, eneo la milima ambamo korongo hili limo, kwenye intaneti huletewa picha hiyohiyo, tena na tena, na kusema kweli picha haidanganyi. Pale ni pazuri mno. Lakini imeacha nje kitu ambacho bila hicho uzuri wote ule usingekuwepo. Msimamo wangu ni huu: mtu aliyekwenda Poqueira akarudi bila kuifuata walau mifereji miwili mitatu ya maji, bado hajafika.

Tazama hali ya nchi kwanza. Sierra Nevada ina Mulhacén, mlima wa mita 3,479, mrefu kuliko wote katika rasi ya Iberia. Upande wake wa kusini unatazama Mediterania, na siku ya anga safi ukiwa juu unaiona bahari, kisha ng'ambo yake unaiona Afrika, milima ya Rif ya Moroko. Vumbi la Sahara nalo hufika huku. Machi 2022 lilianguka kwa wingi hadi theluji ikageuka rangi ya machungwa. Ubavu huu unachomwa na jua mwaka mzima na wakati wa kiangazi mvua karibu haipo kabisa. Kwa hali hiyo ungetegemea kukuta vichaka vikavu na mawe. Unachokuta ni majani mabichi, mijozi, mitini, milozi, na ile miti mikubwa ya castaño, yaani chestnut, ambayo magome yake yamejisokota kwa uzee. Makinga maji yameshuka ubavuni moja baada ya jingine, mengi yakiwa bado na mboga na viazi.

Ukijani huo umetengenezwa kwa mikono. Huko juu, kwenye mita 2,000 na zaidi, theluji ikianza kuyeyuka majira ya machipuko, maji hayaachwi yakimbilie mtoni na kuishia baharini. Watu wamechimba mifereji, Wahispania huiita acequia, inayoyadaka maji karibu na chanzo na kuyapitisha ubavuni kwa mteremko mdogo sana, karibu usione kama yanashuka. Baadhi ya mifereji hii huenda moja kwa moja mashambani. Mingine, ile ya careo, hufanya jambo ambalo mgeni akiambiwa mara ya kwanza haliamini: huyapeleka maji mpaka mahali ambapo udongo na mwamba vina nyufa, kisha huyamwaga pale yapotee ardhini. Kwa makusudi. Maji yanazama, yanasafiri polepole ndani ya mlima, na wiki au miezi baadaye yanatokea kwenye chemchemi za chini, katikati ya kiangazi, wakati ambapo theluji imeshakwisha na kila mmea una kiu. Yaani mlima wenyewe umefanywa ghala la maji. Hakuna bwawa wala pampu. Wanajiolojia wa Hispania waliouchunguza mfumo huu katika kijiji jirani cha Bérchules wanauhesabu kuwa miongoni mwa mifumo ya kale kabisa barani Ulaya ya kulisha maji ya chini ya ardhi.

Nilitembea kandokando ya mfereji mmoja juu ya Capileira pamoja na mzee anayeangalia maji, acequiero, na nikaiona kazi yenyewe kwa karibu. Mfereji ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani; ningeweza kuuvuka kwa hatua moja. Kuta zake ni mawe na bonge za udongo wenye nyasi. Pale alipotaka maji yaende shambani alipiga jembe mara mbili, akainua bonge moja la nyasi, akasogeza jiwe bapa, na maji yakageuka. Kisha akalichukua lile bonge akaziba nalo upande wa pili, akalikanyaga kwa kiatu likashika. Ndilo bomba lao. Mkono wake ulijua jiwe lipi linatoka na lipi haliguswi. Aliniambia kwamba zamani, kabla ya kuyafungulia maji ya machipuko, kila mwenye shamba alileta mtu na jembe kuzoa matope na majani ya mwaka mzima, na kazi ilikwisha mapema. Siku hizi wenye mashamba wengi wanaishi Granada au Barcelona. Kiangazi wanakuja kupunga upepo, lakini siku ya kusafisha mfereji hawapo.

Hapo ndipo moyo uliponiuma, kwa sababu nimezaliwa Uchagani, na kwetu Kilimanjaro nako maji yalishushwa kutoka mlimani kwa mifongo, mifereji yetu ya jadi. Nilipomwona yule mzee akikanyaga bonge lake, sikuhitaji mkalimani. Mfongo nao ulikuwa na zamu zake, ukoo wake uliouanzisha, siku zake za kusafisha, na asiyetokea na jembe alitozwa faini. Upareni kuna ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili mchana yatoshe. Jamii mbili zilizotengwa na bara zima zimekaa chini ya mlima wenye theluji zikafikia hesabu moja, na leo zote mbili zinatazama theluji ikipungua na vijana wakihamia mjini. Mifongo mingi niliyoijua utotoni sasa ni mitaro mikavu yenye magugu.

Nani aliichimba ya Alpujarra? Mengi yanaelekeza kwa jamii za Kiislamu zilizokaa milima hii kwa karne nyingi, tangu zama za Al-Andalus, Hispania iliyokuwa chini ya Waislamu, hadi ufalme wa Banu Nasr wa Granada. Jina la Mulhacén lenyewe ni la Mulay Hasan, mmoja wa wafalme wa mwishomwisho. Granada ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492, na milima hii ikabaki makazi ya Wamorisko, Waislamu waliolazimishwa kubatizwa. Mwaka 1568 waliasi, kwa kuwa walikuwa wamekatazwa lugha yao, mavazi yao na hata desturi za harusi zao. Vita vilikuwa vikali hadi 1571. Walioshindwa wakaondolewa kwa nguvu, wakatawanywa sehemu nyingine za Hispania, na mahali pao wakaletwa walowezi kutoka Galicia, León, Extremadura na kwingineko. Inasimuliwa kwamba katika kila kijiji waliruhusiwa kubaki Wamorisko wachache, ili wawafundishe wageni namna ya kuendesha maji na kufuga nondo wa hariri. Kuanzia 1609 likaja agizo la kuwafukuza Wamorisko wote kutoka Hispania.

Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyoelezwa kwenye vipeperushi vya utalii, ambamo Wamoor, yaani Waislamu hao wa zamani, wanatajwa kama pambo: kuta nyeupe, vichochoro, hadithi za wafalme. Watu walifukuzwa, kazi yao ikabaki, na waliokuja baada yao waliishi kwa kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 400. Heshima ya kweli kwa waliofukuzwa ni kuiendeleza ile kazi. Na walowezi nao wastahili sifa yao, kwa sababu waliipokea, wakajifunza, wakaitunza kizazi baada ya kizazi. Bila hao pia mifereji ingekufa zamani.

Nyumba zenyewe zinafuata akili hiyohiyo ya kutumia kilichopo. Paa ni bapa kwa sababu limejengwa kwa magogo ya castaño, juu yake mawe bapa, na juu kabisa launa, udongo wa kijivu unaoelekea buluu ambao hupatikana mlimani humohumo. Niliushika mkononi ukiwa mkavu: unameremeta kidogo, unavunjika kwa vipande vyembamba. Ukilowa unashikamana na hauruhusu maji kupita. Mapaa hayo ni uwanja wa nyumba, watu wameanika juu yake mahindi, tini na pilipili. Kuna pia tinao, chumba kilichojengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili, ukipita chini yake unapata kivuli. Huko Pampaneira kuna njia ya mteremko ambayo katikati yake maji yanatiririka kwenye mfereji mwembamba wa mawe, kutoka juu hadi chini, mbele ya milango ya watu. Watalii wanaupiga picha huo. Ni vizuri, ila ni mkia tu wa jambo lenyewe.

Sasa nije kwenye ubishi, kwa sababu upo. Kwa miaka mingi wazo lililotawala ni kwamba mfereji wa udongo unavuja, kuvuja ni hasara, basi uwekewe saruji au maji yatiwe kwenye bomba. Kwenye karatasi hoja hiyo inavutia: lita zilizoingia na lita zilizofika shambani. Lakini fuata mfereji wa udongo kwa miguu uone kinachopata maji njiani. Ile mistari ya miti unayoiona kutoka mbali, ikikata ubavu mkavu, imesimama juu ya mifereji. Castaño zile kubwa zinakunywa mvujo. Nyasi za ng'ombe wa juu zinakunywa mvujo. Ndege, nyuki, na chemchemi ya kijiji cha chini vinakunywa mvujo huohuo. Ukiuziba kwa saruji, shamba moja litapata zaidi na ubavu mzima utakauka. Nimesikia hoja ya hasara kwetu pia, ikitolewa kwa sauti ya kitaalamu, na siikubali huko wala huku. Maji yaliyozama mlimani hayajapotea. Yamewekwa.

Nafurahi kwamba wapo Wahispania wanaolitetea jambo hili kwa vitendo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, wakiwa na wajitoleaji na wanakijiji, waliufukua mfereji wa Barjas huko Cáñar, kijiji kingine cha Alpujarra, ambao ulikuwa umeachwa kwa miongo kadhaa. Walitumia majembe na sepetu, kwa mikono. Maji yakarudi. Baada ya hapo mifereji mingine mingi ya Granada na Almería imefufuliwa kwa njia hiyohiyo. Nimelipenda hili kuliko tamko lolote la mazingira nililowahi kusoma, kwa sababu chuo kilikubali kuwa mwanafunzi wa wazee wenye majembe.

Utalii je? Siwezi kuusema vibaya. Kuanzia miaka ya 1950 vijana wengi waliondoka vijijini humu kwenda Barcelona, Ujerumani na Ufaransa, na bila wageni nyumba nyingi zingebomoka. Sierra Nevada ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1999, na wapandaji wa Mulhacén wanaleta riziki. Wanawake na wanaume wanaofuma jarapa, zile busati za matambara za rangi nyingi, wanauza kwa sababu kuna mtu wa kununua. Lakini basi likifika saa sita mchana, watu wakashuka, wakapiga picha, wakala, wakaondoka saa tisa, kijiji kinabakiwa na nini? Fedha inaingia kwenye maduka ya barabara kuu. Yule mzee wa juu mwenye jembe, anayefanya ubavu uwe wa kijani ili picha ipigike, malipo yake yanatoka kwenye michango ya wenye mashamba, na wenye mashamba wanapungua kila mwaka.

Hapa ndipo naona pana dhuluma inayoweza kurekebishwa. Sehemu ya kile mgeni anacholipa, kwenye kitanda cha hoteli au maegesho ya gari, iende kwa jumuiya za wamwagiliaji, na iandikwe hivyo kwenye risiti: hii ni ya mfereji. Nadhani wageni wengi wangeitoa kwa moyo mweupe wakijua inakwenda wapi. Kijana wa Bubión akiona kwamba kuangalia maji ni kazi yenye mshahara wa maana, huenda asipande basi la kwenda Granada na kutorudi.

Kwa atakayekwenda, nenda mwezi Mei au mwanzoni mwa Juni, theluji ikiwa inayeyuka na mifereji imejaa. Agosti kuna joto na watu wengi. Panda basi Granada, utapita Lanjarón na Órgiva, njia ina kona nyingi, ukiwa na kichefuchefu kaa mbele. Lala Capileira au Bubión, usiende kwa siku moja ukarudi. Kuna njia ya miguu inayounganisha vijiji vitatu, na nyingine inayopanda kutoka Capileira kuelekea La Cebadilla, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha umeme wa maji na ambacho sasa hakina watu. Vaa viatu vinavyoshika, mawe yanateleza. Ukikuta mtu yuko kwenye mfereji na jembe, msalimie, umwulize maji yake yanakwenda shamba gani. Na kama siku hiyo wanasafisha, omba jembe nawe usaidie.