Crown na sentimita nane na nusu

Taja Toyota Crown mpya kwenye gereji yoyote ya Nyakato, hapa Mwanza, uone. Fundi atafuta mikono kwenye ovaroli, atacheka kidogo, kisha atakwambia ile si Crown, ni usaliti, gari jingine lililobandikwa taji.

Wana sababu zao. Julai 2022 Toyota walipozindua kizazi cha 16, mbele hawakuweka sedani ndefu iliyolala chini. Waliweka krosova: kiti kimepanda, tairi kubwa, injini imelazwa kwa upana, na magurudumu ya nyuma yanazungushwa na mota ya umeme. Gari hili, tangu 1955, lilijulikana kwa kusukuma nyuma. Mwaka 1983 tangazo lake huko Japani liliwaambia watu kwamba ipo siku watamiliki Crown, na ujumbe huo ukavuka bahari bila kutafsiriwa. Hata leo, anayeshuka kwenye Crown nyeusi pale Capri Point hahitaji kujitambulisha.

Hoja nzito zaidi ni ya ufundi. Krosova zote ni haibridi, yaani injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Betri ikileta shida ukiwa kati ya Misungwi na Shinyanga, aliye tayari kulifungua sanduku lile humpati kirahisi. Na wanaodhani haibridi itawapa nafuu ya kodi wakumbuke kwamba injini ile ni ya 2,487 cc, bado iko juu ya ule mstari wa cc 2,000 unaopandisha ushuru. Haya nayakubali bila ubishi.

Kinachonishinda kukubali ni neno "usaliti", na linanishinda kwa sababu ya milimita 85. Crown ya kizazi cha 15 ina kimo cha milimita 1,455. Krosova ina 1,540. Kwa urefu imeongezeka milimita 20 tu, kwa hiyo badiliko kubwa limekwenda juu: sentimita nane na nusu, kama upana wa kiganja changu.

Kiganja hicho nakijua. Nina Zero Crown, yaani kizazi cha 12, ya 2005, na kila mwezi nampeleka baba mkwe kliniki kule mlimani Bugando. Kuingia hana shida, anajiachia tu na kiti kinampokea. Kutoka ndiyo kazi. Anatoa mguu wa kulia, anashika nguzo ya mlango, anahesabu moja, mbili, halafu mimi namvuta mikono yote miwili huku bodaboda nyuma yetu wakipiga honi. Kuna siku kofia ya mzee ilidondoka, ikabingirika mpaka kwenye mtaro. Gari la heshima limemvua mzee kofia mbele za watu.

Sasa piga hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 40 tangazo la 1983 lilipotoka, krosova ilipozinduliwa alikuwa na 79. Wateja wa Crown huko Japani walizeeka nayo, na Toyota walilijua hilo. Akio Toyoda mwenyewe, rais wa Toyota wakati huo, kwenye uzinduzi alikumbusha kwamba ukoo wa Tokugawa, mashoguni au watawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, nao ulikomea kwa shoguni wa 15, kama vizazi 15 vya Crown vilivyotangulia. Wengine waliuona ni mzaha. Mimi naona alikuwa anasema waziwazi kwamba gari lililokataa kubadilika lingezikwa na wenye nalo.

Halafu hawa wanaolia leo, walilia pia juzi. Desemba 2003 Zero Crown ilipoachana na injini ya silinda sita za mstari na kuleta V6, magwiji wa 1JZ, injini ile ya mstari, walisema Crown imekufa. Kwenye V6 ile petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye vali kuzisafisha, kwa hiyo kaboni inajijenga. Mafundi waliilaani kweli. Leo haohao wanazisafisha vali hizo huku wakipiga soga, na ukiwauliza Crown halisi ni ipi wanakuonyesha Zero.

Si kila badiliko lilifaa, lakini. Ya 1971, ile ya mviringo waliyoibatiza nyangumi, wateja waliikimbia, na 1974 Toyota wakarudi kwenye pembe zao. Ila nyangumi ilibadilishwa sura tu. Sijaona mzee yeyote aliyesaidiwa na mviringo wake.

Kwa waliotaka sedani, ilikuja Novemba 2023, na inasukuma nyuma kama zamani. Ina urefu wa milimita 5,030 na upana wa 1,890, wakati Crown iliyotangulia ilijibana kwenye 1,800. Nawatakia heri watakaoipandisha kwenye vichochoro vya Mabatini, kule ambako mawe yalifika kabla ya barabara.

Wiki iliyopita fundi wangu alikuwa chini ya Zero akifunga bushi, akiendelea na somo lake la Crown halisi. Nikamuuliza mzee wake mwenyewe akija mjini anamchukua na gari gani.

"Mzee namfuata na Noah, braza. Hii inamuumiza magoti."

Akaniomba spana namba 17.