Kipimo cha haraka kikisema "bangi", tuamini?

Miaka ile vidonge vya VVU vyenye efavirenz vilipokuwa ndivyo vya kuanzia kwa wagonjwa wengi Tanzania na Kenya, mtu asiyewahi kushika msokoto aliweza kupimwa mkojo akaonekana mvuta bangi. Mpimaji hakukosea. Vipimo vya haraka hutumia kingamwili zinazonasa kemikali kwa umbo lake, na mabaki ya efavirenz huzihadaa baadhi yake. Ni bawabu anayemtambua mtu kwa kanzu: aliyevaa inayofanana, naye hupita.

Hata hivyo sivibezi. Ni rahisi, majibu hutoka kwa dakika chache, na daktari mwenye mgonjwa aliyezimia hana muda wa kungoja wiki. Pia huchuja sampuli zisizo na kitu, mashine ghali zikabakiwa na chache.

Mashine zenyewe ni kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Ya kwanza hutenganisha kemikali moja moja. Ya pili huvunja molekuli na kupima vipande vyake. Efavirenz haipenyi hapo. Lakini zinataka umeme wa uhakika, gesi safi na mkemia aliyebobea, na hivyo vyote ni pesa.

Wapo wanaosema basi tupime damu, tuachane na mkojo. Wana hoja: mkojo huonyesha ya juzi, damu huonyesha ya leo. Ila damu nayo ina vituko. Heroini hudumu humo dakika chache tu, ikageuka 6-monoasetilmofini, kisha mofini. Ukikuta mofini peke yake huwezi kuapa kuwa ni heroini. Pengine mtu alichomwa sindano ya maumivu hospitalini. Kokeini huendelea kuvunjika hata ndani ya chupa, ndiyo maana huwekwa floridi ya sodiamu. Na bangi? England na Wales, tangu 2015, dereva hatakiwi kuzidi mikrogramu 2 za THC (kemikali ya bangi inayolevya) kwa lita ya damu, ilhali mvutaji wa kila siku anaweza kubaki nayo siku kadhaa baada ya kuacha.

Kwangu mimi, kipimo cha haraka kinatosha kumtibu mtu, hakitoshi kumfukuza kazi wala kumfunga. Kama mashine haipo, majibu yaandikwe "inashukiwa". Na sampuli igawanywe: huko England dereva akiomba hupewa sehemu ya damu yake aipeleke maabara aitakayo. Gharama ya hilo ni chupa ya pili.