Bodi ya Linux au ESP32: kijana wa Arusha aanzie wapi?

Siku hizi hapa Arusha ukikaa na vijana wanaopenda kutengeneza vifaa vya kuunganishwa na intaneti, mabishano hayachelewi kufika pale pale, mtu anayeanza anunue Raspberry Pi au aanze na ESP32. Wa upande wa Pi wanasema ile ni kompyuta kamili, ina Linux ndani, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, unaandika programu kwa lugha ya Python, kamera inaingia, waifai ipo, unataka nini tena. Wa upande wa pili wanasema hiyo ni hela nyingi bila sababu, kwa bei ya Pi moja unapata ESP32 kadhaa na ukiunguza moja huumii. Pande zote mbili zina watu wanaojua wanachosema, na ndiyo maana nataka tulichambue taratibu, kwa sababu ushauri mbaya hapa unamtoa kijana hela aliyojikusanyia muda mrefu halafu na hamu yenyewe inakufa.

Kwa asiyezijua hizi bodi, kwa kifupi tu. Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, ilibuniwa Cambridge kule Uingereza kwa lengo la kuwarudisha watoto kwenye kuandika programu, ikawa na ukubwa wa kadi ya benki na bei ya dola 35. Mwaka uliofuata ikaja BeagleBone Black, nayo ni bodi ya Linux. ESP32 yenyewe ni chipu ndogo yenye waifai, ya mwaka 2016, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, na haina Linux wala haina deski ya kufungua na mausi, inaendesha programu moja uliyoipakia na basi, ukiipa umeme inaanza kazi sekunde hiyo hiyo. Hapo ndipo tofauti zote zinapotokea.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao, banda la vifaranga. Watu wengi wanafuga, Ngaramtoni, Usa River, Sakina huko, na mwezi wa sita mpaka wa nane baridi ya hapa tunaijua. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi kama 32 mpaka 35, halafu unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Taa ikizima usiku na hujui, asubuhi unakuta wamekusanyana kona moja na wengine wameshakufa. Kwa hiyo kifaa cha kupima joto na kukutumia taarifa kwenye simu ni kitu mtu yupo tayari kukilipia, na ni mradi mzuri sana wa kujifunzia.

Kwenye Pi mradi huu unaenda vizuri mno mwanzoni. Unachukua DS18B20, ile sensa ya joto yenye kichwa cha chuma na waya mrefu isiyoingiza maji, unaweka na rezista yake, unaiwasha kwenye mipangilio, na Linux yenyewe inaitambua na kuifungulia faili. Unasoma lile faili kama unavyosoma faili lingine lolote unakuta t=23187, maana yake nyuzi 23.187. Mimi hili huwa linanifurahisha kila nikimwonyesha mtu, kwamba joto la banda limekuwa faili. Halafu mistari michache ya Python inasoma kila dakika na kuweka kwenye hifadhidata ya SQLite, ukurasa mdogo unachora grafu, unafungua kwa simu yako ukiwa kwenye waifai hiyo hiyo, yote haya bodi moja, bila kulipia seva ya mtu na bila kula bando.

Na kuna kitu kikubwa zaidi ya hapo ambacho upande wa ESP32 huwa hawakisemi. Bodi ya Linux inakulazimisha ujue mtandao. Unaingia kwa SSH, njia ya kuipa bodi amri ukiwa mbali nayo, kutoka kwenye laptopu, unajifunza ruhusa za mafaili, unajifunza kuweka programu yako iwake yenyewe bodi ikiwaka, unajifunza kusoma kumbukumbu za mfumo pale kitu kinapogoma, na amri zote hizo ndizo hizo hizo anazotumia mtu anayeendesha seva za benki au za kampuni ya simu. Mtu aliyekaa na Pi mwaka mmoja kwa bidii anaweza kuomba kazi ambayo haina uhusiano wowote na sensa na akaifanya.

Angalia hata suala la laini ya simu. Intaneti nyingi ya laini zetu haikupi anwani ya peke yako, mnachangia watu wengi anwani moja, kwa hiyo ukiwa mjini ukajaribu kukiita kifaa kilichoko bandani hukipati hata kidogo, na wanaoanza wanasumbuka hapa wiki nzima wakidhani programu yao ndiyo mbovu. Dawa ni kifaa chenyewe ndicho kipige kwenda nje kwenye seva ambayo na wewe unaifikia, na ndiyo kazi ya MQTT, utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe uliobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, sehemu ambayo mawasiliano yalikuwa ghali na ya kasi ndogo. Ujumbe wake ni mfupi sana, unafaa kabisa kwa mtu wa bando la wiki. ESP32 inatumia MQTT vizuri tu, lakini ukiwa na Pi unaweka na ile seva yake ya kati, Mosquitto, unaona ujumbe unavyoingia na kutoka pande zote mbili, na hapo ndipo mambo yanapokaa kichwani.

Usalama pia. Mwaka 2016 programu hasidi inayoitwa Mirai iliingia kwenye makamera na marauta mengi sana duniani kwa kujaribu tu majina na nywila zile za kutoka kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya namna hiyo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti kwa majina yake, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi kwa masaa. Raspberry Pi nao walikuwa na jina na nywila moja inayojulikana na kila mtu mpaka walipoiondoa Aprili 2022. Anayejifunza kwenye Linux anakutana na haya maswali mapema, nani anaruhusiwa kuingia, mlango gani upo wazi, na mimi naona ni jambo la lazima siyo la hiari kwa mtu anayetaka kuweka kifaa nyumbani kwa watu.

Sasa tuje upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo miradi mingi inapokufa.

Umeme. Kifaa cha vifaranga kinahitajika zaidi usiku ule umeme unapokatika, kwa sababu taa ya joto nayo imezima. Lakini Pi uliyochomeka ukutani nayo imezima dakika hiyo hiyo, na rauta imezima, kwa hiyo hakuna ujumbe wowote utakaotoka na wewe unalala ukijua mambo ni salama kwa sababu simu haijalia. Yaani kifaa cha kutoa taarifa lazima kiendelee kuwaka hata kile kinacholindwa kikizima, na watu wengi wanakuja kugundua hili baada ya kuwa wameshamaliza kila kitu. Utasema weka betri, haya tupige hesabu. Betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye mAh 2500 ina kama wati-saa 9, Pi 4 hata ikiwa imekaa tu bila kazi inakula wati kama 3, hapo una masaa matatu hivi, ukitoa na kinachopotea kwenye kupandisha volti ni pungufu. Pi Zero zinakula kidogo kuliko hapo lakini bado ni kompyuta iliyo macho muda wote. ESP32 inaweza kulala usingizi mzito ikitumia umeme kidogo mno, maikroampea kama 10, inaamka kila dakika kadhaa, inapima, inatuma, inalala tena, na betri ile ile inakaa muda ambao Pi haiwezi hata kuota.

Na si kuzima tu, ni namna inavyozima. Pi nyingi zinaendesha mfumo kutoka kwenye memori kadi, umeme ukikatika wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika na bodi isiwake tena mpaka uweke mfumo upya. Inatibika, unaweza kuiweka kadi iwe ya kusoma tu na maandishi ya muda yakae kwenye RAM, mipangilio ya Pi ina sehemu hiyo kabisa, ila anayeanza hajui na hakuna aliyemwambia. BeagleBone Black ina hifadhi yake kwenye bodi yenyewe lakini na yenyewe inataka kuzimwa kwa adabu. ESP32 chomoa tu, rudisha tu.

Halafu kuna pini, zile ncha za kuchomekea sensa. Pini za Pi ni za volti 3.3 na hazina huruma, ile sensa ya umbali ya HC-SR04 ambayo wengi wanaitaka kwa kupima maji kwenye simtanki inarudisha volti 5, ukiichomeka moja kwa moja bila rezista mbili za kugawa volti unaharibu pini au bodi nzima, na hapo ndipo ile tofauti ya bei inapouma kweli. Pi pia haina sehemu ya kusoma volti zinazopanda na kushuka, kwa hiyo sensa ya unyevu wa udongo inataka uongeze chipu nyingine kama MCP3008. BeagleBone inazo hizo pini saba ila mwisho wake ni volti 1.8, mtego mwingine. Na Linux ina mambo mengi ya kufanya kwa wakati mmoja, sensa ya joto na unyevu kama DHT22 inayotaka ihesabiwe kwa maikrosekunde kuna wakati inasomwa vibaya kwa sababu tu mfumo ulikuwa bize na kitu kingine.

Lakini wa upande wa ESP32 nao wasituambie kwamba mambo ni mteremko. Zile maikroampea 10 ni za chipu, siyo za bodi ya kujifunzia unayonunua dukani, bodi nyingi za bei ya chini zina regyuleta ya kurekebisha volti na kitaa cha LED vinavyokula umeme muda wote hata chipu ikiwa imelala, kwa hiyo mtu anapiga hesabu ya miezi anapata siku chache. Ukitaka SMS badala ya waifai unaongeza moduli ya laini ya simu kama SIM800L, na hiyo ikitafuta mtandao inavuta mpaka ampea 2 kwa vipindi vifupi, ukiilisha kutoka kwenye pini ya bodi inazima na kuwaka inazima na kuwaka na wewe unatafuta kosa kwenye programu ambako halipo. Haya ni masomo ya umeme, na Pi haikufundishi hata moja kati yake kwa sababu unaichomeka tu kwenye chaja yake na mambo hayo yanabaki yamefichika.

Msimamo wangu ni huu, na najua unaenda kinyume na ushauri wa kawaida. Aliyetoka kwenye programu, anajua Python, ametengeneza tovuti mbili tatu, huwa anaambiwa anunue Pi kwa sababu ataizoea haraka. Mimi nasema aanze na ESP32, aguse betri, apime kwa multimita, aunguze kitu cha bei ndogo, kwa sababu Pi itamfundisha anachokijua tayari na atamaliza akiwa bado anaogopa waya. Na fundi aliyetoka VETA au chuo cha Arusha Technical, anayejua kusoma mchoro na kutia solda vizuri kuliko sisi wote, yeye ndiye aende kwenye bodi ya Linux, kwa sababu pengo lake ni mtandao na data, na akilijaza hilo hakuna wa kumshika. Anzia upande unaokutisha, ule mwingine upo tayari mikononi.

Hoja nzito dhidi ya msimamo wangu ni kwamba mtu akianza na kigumu anakata tamaa, na kweli wapo. Ndiyo maana sipendi mtu ajifunze peke yake chumbani. Vijana wanne watano wakichanga Pi moja, kila mmoja na ESP32 yake, ile Pi ikakaa sehemu moja yenye umeme wa uhakika ikiwa seva yao wote na vile vichipu vikaenda mabandani, gharama inabebeka na yule wa programu anakaa meza moja na yule fundi. Huo pia ndio mpangilio utakaoukuta kwenye mifumo mingi ya kweli, chipu ndogo kwenye eneo la kazi na Linux katikati. Pale Tengeru chuo cha Nelson Mandela wanafundisha mambo haya ngazi ya uzamili, lakini mtu hahitaji kusubiri afike huko.

Jambo moja kwa anayefikiria kuuza. Mwaka 2021 na 2022 chipu zilipoadimika duniani Pi ilikuwa haipatikani, na iliyopatikana iliuzwa kwa bei ya juu sana. Aliyekuwa ameshachukua oda za vifaa ishirini vinavyotegemea Pi alibaki na maelezo ya kumpa mteja. Usifunge mradi wako kwenye bodi moja, andika programu ili sehemu ya kusoma sensa iwe peke yake na sehemu ya kutuma iwe peke yake, bodi ikibadilika unabadilisha kipande.

Na kabla hujapeleka chochote bandani kwa mtu, kiweke kwako kwanza wiki nzima, uchomoe umeme usiku bila kukiaga, uzime na rauta, uvirudishe kwa kupishana, rauta kwanza siku moja, kifaa kwanza siku nyingine. Kama lazima ukiguse ndiyo kianze kutuma tena, bado hakijawa tayari, iwe kina Linux ndani au hakina.