Diski za Hollywood ya zamani: wakusanyaji wana haki, ila hoja yao kubwa ni mbovu

"Rudisha nyuma. Hapo, hapo. Simamisha."

Mjomba wangu ni mzaliwa wa Arusha, na katika DVD yake ya Hatari! hana shida na John Wayne. Anachokitafuta kiko mwishoni, pale ndama wa tembo wanapomfukuzia Elsa Martinelli katikati ya mji. Howard Hawks alipiga filamu hiyo Tanganyika kabla ya Uhuru wa Desemba 1961, ikatoka mwaka 1962, na nyuma ya wale tembo, kwa sekunde chache tu, unaonekana mtaa: baraza za maduka, magari ya wakati ule, watu. Mjomba anasogeza kiti mpaka pua inakaribia kugusa kioo, anakagua nyuso moja moja. Hajawahi kumwona anayemfahamu. Mwezi ujao atakagua tena.

Kwa mtu kama yeye, swali la kama kuna maana kuendelea kununua diski za filamu za zamani za Hollywood halipo. Kwa wengine lipo, na limezidi kuwa gumu. Netflix, kampuni iliyoanza kwa kuwatumia watu DVD kwa posta, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023. Mwaka uliofuata Best Buy, moja ya minyororo mikubwa ya maduka Marekani, ikaondoa diski za filamu kwenye rafu zake. Wapo wanaosema ndiyo basi, plastiki imepitwa, kila kitu kiko mtandaoni. Wakusanyaji nao wananunua kwa hasira kuliko zamani, wakisema wanaiokoa sinema isipotee. Mimi nina rafu mbili zilizojaa, kwa hiyo siwezi kujifanya mwamuzi asiye na timu. Lakini hiyo hoja ya kuokoa sinema, ambayo ndiyo wanaipigia kelele kuliko zote, sioni kama inasimama.

Tukumbuke kwanza kwamba kuwa na filamu nyumbani ni jambo jipya. Desemba 1974 maofisa wa FBI waliingia nyumbani kwa Roddy McDowall, yule mwigizaji wa Planet of the Apes, wakabeba filamu 160 na mikanda ya video zaidi ya 1,000. Kosa lake lilikuwa kupenda sinema kiasi cha kuikusanya, tena nyingine akiwa kaigiza mwenyewe. Hakufikishwa mahakamani, ila ujumbe uliwafikia wenzake: filamu ni mali ya studio, wewe unauziwa kiti cha kuitazamia. Miaka mitatu baadaye, 1977, mfanyabiashara wa Michigan aitwaye Andre Blay akaishawishi Twentieth Century-Fox impe leseni ya kuuza filamu 50 kwenye mikanda. Mkanda mmoja ulikuwa karibu dola 50, pesa nyingi kwa wakati ule, na watu wakanunua.

Studio hazikufurahi. Mwaka 1982 Jack Valenti, msemaji wao mkuu mjini Washington, aliliambia Bunge la Marekani kwamba deki ya video kwa watengeneza filamu ni kama yule mnyongaji wa Boston, muuaji wa wanawake, kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Universal ilikuwa imeshaishtaki Sony kwa kuuza deki zenyewe. Januari 1984 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba kurekodi nyumbani ili utazame baadaye si wizi. Kura moja tu. Kabla muongo haujaisha studio hizo hizo zilikuwa zinaingiza pesa nyingi kwa mikanda kuliko kwa tiketi za majumba ya sinema, na yule mnyongaji hakutajwa tena.

Sasa turudi kwenye madai ya kuhifadhi. McDowall na wenzake walikuwa wanakusanya filamu yenyewe, ule utepe unaoweza kuuinua kwenye mwanga ukaona picha. Mtu wa aina hiyo kweli aliweza kuokoa kitu, na zimo filamu zilizodhaniwa zimepotea ambazo zilikutwa kwenye makopo ya bati ya watu binafsi. Uhitaji ulikuwa mkubwa: ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013 ilihesabu karibu filamu ndefu 11,000 za kimya zilizotengenezwa nchini humo, ikakuta asilimia 70 hazipo tena. Nyingine ziliungua, kama zile za Fox zilizoteketea ghalani Little Ferry, New Jersey, Julai 1937. Nyingine studio zenyewe zilizitupa, maana zilikuwa zinakula nafasi.

Diski iliyo kwenye rafu yangu haiwezi kuziba pengo la namna hiyo. DVD ya Marekani ina mistari 480 ya picha. Negatifu ya milimita 35, yaani ule utepe wa asili uliopita kwenye kamera, ikisomwa leo kwa mashine nzuri inatoa mistari zaidi ya 2,000 bila kutafuta. Negatifu ikiungua, DVD yangu itakuwa kama fotokopi ya cheti baada ya cheti kupotea: inathibitisha kilikuwepo, basi. Na mkanda wa VHS ulikuwa mbaya zaidi, kwani mara nyingi hata filamu nzima haukuwa nayo. Sinema ya kioo kipana, ya kipimo cha 2.35 kwa 1, ikijazwa kwenye televisheni ya zamani ya 4 kwa 3, inapoteza asilimia 43 ya picha. Mazungumzo ya watu wawili waliosimama mbalimbali yakawa ya mtu mmoja na ukuta. Watu walikusanya hayo kwa miaka 20 wakiamini wanayo filamu.

Halafu plastiki nayo inaoza. Mimi nimekulia Tanga, najua ukungu mweupe unaoota pembeni mwa mkanda ukiacha kasha karibu na dirisha mvua za masika. Siku moja deki yetu ilikula mkanda wa kauboi tuliouazima kwa mwenye kibanda. Tukauvuta kidogo kidogo kama utumbo wa kuku, ukatoka umekunjamana, na mama akalipa mkanda mzima. Tulidhani diski zimetuokoa na hayo. Mwaka 2025 Warner Bros. ilikiri hadharani kwamba sehemu ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zinakufa zenyewe. Hazina mkwaruzo, zinang'aa kama siku ya kununuliwa, ila ukifika katikati ya filamu picha inaganda. Warner ndiyo inayomiliki sehemu kubwa ya Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940, kwa hiyo pigo limeangukia hasa hao hao wapenzi wa filamu za zamani.

Kwa hiyo mtu akiniambia anahifadhi sinema kwa kununua diski, namwambia ananunua diski. Uhifadhi unafanyika kwenye maghala ya baridi, kwa watu wanaopima unyevu na joto kila siku, na mara nyingi kwa pesa za umma au za wafadhili.

Hoja yao ya pili huwa wanaitaja juu juu, nami naona ndiyo yenye uzito: diski ikishafika kwako, hakuna anayeweza kuingia nyumbani usiku akaibadilisha. Juni 2020 filamu ya Gone with the Wind iliondolewa kwenye huduma ya mtandaoni ya HBO Max, ikarudi wiki mbili baadaye ikiwa na utangulizi wa msomi Jacqueline Stewart kuhusu utumwa inavyouonyesha. Hilo kwangu halikuwa baya. Filamu ilirudi nzima, na utangulizi unaweza kuuruka ukitaka. Lililonishtua ni The French Connection. Si ya enzi ya dhahabu, ni ya 1971, ila inaeleza jambo hili kuliko nyingine zote. Mwaka 2023 watazamaji waligundua kwamba kwenye huduma za mtandaoni Marekani, mapema kabisa katika filamu, sekunde chache zimekatwa: pale Popeye Doyle, yule askari anayeigizwa na Gene Hackman, anapotamka tusi la kibaguzi. Hapakuwa na tangazo wala maelezo. Picha inaruka tu, mtu yuko hapa, mara yuko pale.

Tusi ni baya, na Mwafrika haambiwi na mtu maana yake. Lakini Doyle aliandikwa hivyo makusudi. Filamu inataka umfuate mtu huyu kwenye mitaa ya New York ukijua ni mbaguzi, ukose raha kumshangilia. Ukifuta tusi umemsafisha Doyle, umempa heshima ambayo waliomtunga walimnyima. Mwenye diski alikuwa na jibu mkononi: aliweka, akalinganisha, akaonyesha wengine kilichokatwa.

Hapo mkusanyaji anataka kupiga makofi. Asubiri kidogo. Filamu hiyo hiyo ilitolewa kwa Blu-ray, ile diski iliyoifuata DVD, mwaka 2009, na mwongozaji wake, William Friedkin, akaamua kuibadilisha rangi: ikapauka, ikaingia ubuluu, kama picha iliyofuliwa ikaanikwa juani. Mpiga picha wa filamu hiyo, Owen Roizman, alikasirika na akasema wazi kwamba hakushirikishwa. Mwaka 2012 ikabidi itolewe nyingine, safari hii Roizman akiwemo, rangi zikarudi karibu na zilivyokuwa. Aliyenunua ya 2009 kwa imani kwamba sasa anayo The French Connection kamili alikuwa amenunua mawazo ya mzee mmoja kuhusu kazi yake ya ujanani.

Diski, basi, inakupa toleo moja, la tarehe moja, liwe zuri au baya, na haikuhakikishii kwamba ndiyo filamu ya asili. Faida yake ni kwamba toleo la 2009 lipo, la 2012 lipo, na yeyote anaweza kuyaweka pamoja akaona nani kafanya nini. Mtandaoni toleo jipya likiingia la zamani linatoweka, na baada ya mwaka mmoja mtazamaji hana hata cha kumfanya ashuku. Mkusanyaji ni shahidi. Shahidi mwenyewe anaweza kuwa na macho mabovu, lakini alikuwepo.

Upande wa pesa sina maneno mengi. Blu-ray moja ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za zamani kwenye diski, bei yake ya orodha ni dola 39.95, kabla hujafikiria usafiri na ushuru. Mtu anayetaka kutazama filamu mara moja, akacheka, akalala, haina maana atoe pesa hiyo, na anayemcheka mkusanyaji kwa hili ana haki kabisa. Filamu maarufu kama Casablanca haiendi popote.

Tatizo ni zile ambazo si Casablanca, na hapa sisi wa huku tuna kesi yetu. The African Queen ilipigwa mwaka 1951 kwenye mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, na sehemu nyingine Uganda. Hadithi yake ni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na meli ya kivita wanayoiwinda Humphrey Bogart na Katharine Hepburn inamkumbusha kila mtu wa Kigoma ile Graf von Götzen, ambayo tangu 1927 inaitwa Liemba. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hii. Pamoja na yote hayo, DVD rasmi haikutoka Marekani mpaka Machi 2010, miaka 13 baada ya DVD kuingia madukani huko. Negatifu zilikuwa Uingereza na zilihitaji matengenezo makubwa. Kama filamu yenye Bogart inaweza kukaa miaka 13, fikiria iliyo na mtu usiyemjua.

Binamu yangu anayeishi Marekani aliniletea hiyo diski. Nikaitia kwenye deki yangu ya bei mbaya, ikakataa na kuniandikia kwamba diski ni ya eneo lingine. Wenye studio waliigawa dunia kwa namba: Marekani na Kanada ni eneo 1, sisi na sehemu kubwa ya Afrika ni eneo 5, ili filamu isivuke mpaka kabla ya wakati waliopanga wao. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kadeki kasiko na jina, ka bei ya chakula cha mchana cha watu watatu. Kalisoma bila kuuliza swali.

Juzi deki ya Mjomba ilianza kusuasua, akanipigia.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Hebu niangalizie, hiyo simu yako haina ile picha ya tembo?"

Nikatafuta. Ipo ya kukodi, kwa aliye na akaunti ya Marekani, na ukishabonyeza kuanza una saa 48.

"Saa 48?" akauliza. "Hizo nitazimalizia kwenye duka la kwanza tu pale kona."

Jumamosi nampelekea kadeki ka Kariakoo.