Milima ya Usambara haipandwi kwa mapaja

Kiangazi kikikaribia, swali ni lile lile kila wapenda baiskeli wanapokutana: nijifue kiasi gani ndipo niweze kupanda Lushoto na mzigo? Muulizaji ataambiwa akimbie asubuhi, apande ngazi, ale wanga wa kutosha. Hakuna atakayemuuliza sproketi yake ndogo ya mbele, lile gurudumu la meno kwenye pedali, ina meno mangapi. Mimi nasema aanzie hapo, na breki zifuate. Miguu inaweza kusubiri.

Tuanze na mlima wenyewe. Mombo, mji ulio chini ya mlima, iko mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto iko kwenye 1,400 hivi, na katikati kuna lami ya kilomita 33. Ukigawanya unapata mwinuko wa asilimia 3, jambo la kuchekea. Lakini barabara haipandi kwa wastani. Sehemu kubwa ya kimo hicho inaliwa kabla ya Soni, mji mdogo wa njiani, kwenye korongo la mto unaoteremka kutoka maporomoko, mwamba upande huu na shimo upande ule. Kutoka Soni hadi Lushoto barabara inapumua, na wewe pia.

Sasa hesabu. Baiskeli nyingi za giya za mtumba zenye gurudumu la inchi 26 huja na sproketi ndogo ya mbele yenye meno 24 na friwili, ile seti ya giya za gurudumu la nyuma, inayoishia meno 28. Mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 1.77. Badilisha friwili peke yake, uweke ya meno 14 hadi 34, na mzunguko ule ule unakusogeza mita 1.46. Tofauti inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba kwa mizunguko 60 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa mguu uliochoka, ya kwanza inakulazimisha kwenda kilomita 6.4 kwa saa na ya pili inakuruhusu kwenda 5.3. Ukishindwa kufikia 6.4, mizunguko inashuka, magoti yanabeba, na mwishowe unasukuma. Baiskeli ya mbio yenye 34 mbele na 28 nyuma ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii: inakudai zaidi ya kilomita 9 kwa saa kwenye mwinuko huo huo, na mzigo juu. Na zile za chuma zisizo na giya, ambazo sisi tunaziita Phoenix hata zikiwa za kampuni nyingine, zinakula zaidi ya mita 5 kwa mzunguko mmoja. Wenyeji wanaozitumia kubebea mizigo wanazisukuma kupanda. Hawana aibu nalo, wanajua hesabu.

Friwili ni kifaa cha bei ndogo, ila kuibadilisha kuna mtego. Kila unapokanyaga pedali unazidi kuikaza, kwa hiyo ya miaka mitatu imeshikana kama imechomelewa. Toa gurudumu la nyuma, ingiza kifungulio kinacholingana na mianya ya friwili yako, kisha rudisha nati ya ekseli juu yake uibane kidogo kwa vidole. Nati hiyo ndiyo inayozuia kifungulio kuruka na kung'oa mianya. Mianya ikishang'oka, hapo ni kazi ya patasi. Bana kifungulio kwenye jiriwa na uzungushe gurudumu zima kinyume cha saa kwa mikono miwili. Ikishalegea robo mzunguko tu, legeza nati kabla ya kuendelea, la sivyo utakata ekseli. Friwili mpya ipake grisi kwenye uzi.

Wengi wanaishia hapo na kwenda safari, na hapo ndipo wanapoharibikiwa. Meno 34 yanahitaji cheni ndefu zaidi. Zungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha giya, kisha ongeza pingili mbili juu ya urefu huo. Cheni ikiwa fupi, siku utakayoweka kubwa kwa kubwa kwa bahati mbaya kibadilisha giya kitavutwa mbele na kupinda sikio la fremu linalokishika. Kibadilisha giya chenyewe kiwe cha mkono mrefu. Cha mkono mfupi hakiwezi kuukaza ulegevu wote. Mwisho, rekebisha skurubu ya kikomo upande wa spoki ili cheni isivuke sproketi ya mwisho. Ikivuka, inaingia kwenye spoki, na huo ndio mwisho wa gurudumu.

Kuhusu mzigo sitasema mengi. Kilo 12 zinatosha kwa wiki nzima Usambara, kwa sababu vijiji haviko mbali na chakula kipo. Usipande na jiko, hema na mchele wakati kijijini Lukozi kuna wali maharage. Uzito ukae chini, pembeni mwa gurudumu, si juu ya keria kama gunia la mkaa. Boliti za keria zilizo karibu na ekseli zikague kila jioni. Hizo ndizo zinazolegea na kukatika kwanza kwenye barabara ya vumbi.

Kuna watu wanaopakia baiskeli kwenye Coaster hadi Lushoto, kisha wanashuka kwa furaha. Siwaungi mkono, na si suala la ushujaa. Aliyepanda kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa ameiona barabara nzima: kona inayojikunja zaidi mwishoni, mahali mchanga umemwagikia lami, daraja ambalo magari hukutana vibaya. Aliyepandishwa na gari anakutana na vyote hivyo kwa mara ya kwanza akiwa kilomita 35 kwa saa.

Na mteremko ndio unaoumiza watu. Chukua mtu wa kilo 65, baiskeli ya 15, mzigo na maji kilo 20. Jumla 100. Kwenye mteremko wa asilimia 7, ukishuka polepole kwa kilomita 15 kwa saa huku umeng'ang'ania breki, zaidi ya wati 200 zinaingia kwenye rimu muda wote. Ni kama taa mbili za zamani za wati 100 zimewashwa ndani ya magurudumu yako, na upepo wa mwendo huo ni mdogo mno kuzipoza. Rimu ikipata moto, upepo ndani ya tyubu unatanuka, na solusheni ya kiraka ulichobandika jana inalainika. Kiraka kinafumuka, mara nyingi upande wa rimu, na kona ipo mbele yako.

Kwa hiyo usiburute breki. Kwenye kipande kilichonyooka ziachie, hewa ikusaidie kukuzuia; kabla ya kona bana zote mbili kwa nguvu mpaka upate mwendo unaoutaka, ziachie, ndipo uingie konani. Kila kilomita tatu au nne simama rimu zipoe. Mipira ya breki iangalie kabla ya kuondoka: mistari yake ikishafutika, badilisha. Chungulia pia usoni mwake. Ukiona vipunje vinavyong'aa, hiyo ni alumini ya rimu yako imekwama humo pamoja na mchanga, na mpira wa breki umegeuka msasa. Vitoe kwa sindano, kisha sugua uso wa mpira kidogo. Waya ukague pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Uzi mmoja ukishakatika, ubadilishe wote, usingoje wa pili.

Breki za diski ni nzuri kwenye matope, sikatai. Lakini vibao vyake vikiisha ukiwa kijijini Mtae, hakuna kijana mwenye meza ya ufundi chini ya mkaratusi atakayekuwa navyo. Mipira ya kawaida ipo hata dukani kunakouzwa sabuni. Kwangu hoja hiyo inamaliza ubishi.

Spoki nazo zina tabia yake. Hukatika gurudumu la nyuma, upande wa friwili, kwenye kiwiko karibu na hapu, yaani kitovu cha gurudumu. Si bahati mbaya: ili friwili ipate nafasi, spoki za upande huo zimesimama wima zaidi na kukazwa kuliko za upande wa pili, na juu yake ndipo ulipoweka mzigo. Ubaya ni kwamba huwezi kuingiza spoki mpya upande huo bila kutoa friwili. Ndiyo maana kifungulio hakibaki nyumbani. Beba spoki nne za urefu ule ule kamili, zifunge kwa utepe kwenye fremu. Tofauti ya milimita tatu inatosha kuifanya isikae.

Ukipita Lushoto kuelekea Magamba, msitu unaanza, na mbele lami inakuwa habari ya nyuma. Chini ya miti mikubwa njia hubaki na unyevunyevu hata jua likiwaka kwingine, na udongo mwekundu ukilowa haupiti kati ya tairi na madigadi. Unajaa, gurudumu linasimama. Toa madigadi ya mbele mapema, beba kijiti cha kukwangulia. Tairi ya inchi 1.95 au 2.1, upepo wa psi 45 nyuma na 35 mbele, inatosha. Barabara ya kwenda Lukozi na Mtae ni ya umma, lakini njia za ndani ya hifadhi ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu na zina malipo, basi lipa ndipo uwatazame mbega kwa raha. Machi hadi Mei usiende. Juni hadi Agosti ni pakavu, ila ukungu wa asubuhi utakufanya ushuke na vidole vilivyokufa ganzi, navyo ndivyo vya kubana breki. Glavu si urembo. Amani, Usambara Mashariki, ni somo jingine: huko hunyesha karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na mwinuko kutoka Zigi una mawe yanayoteleza hata kiangazi.

Watu huogopa mlima na kulidharau bonde. Korogwe hadi Mombo ni tambarare, mkonge pembeni, lakini ndiyo barabara ya mabasi ya Arusha, na joto lake saa saba mchana halina huruma. Ondoka saa kumi na mbili alfajiri, uwe Mombo kabla ya saa nne, na lita tatu za maji. Mwenye nafasi azunguke bonde la Mto Lwengera, linalozitenganisha Usambara mbili, kupitia Magoma. Ni vumbi, ila ni vumbi lisilo na mabasi.

Siku ya kurudi, karibu na Soni, utasikia Fuso la kabichi nyuma yako. Kaa pembeni lipite. Harufu ya breki zake ikikufikia puani, dondoshea rimu yako tone la maji. Likichemka, egesha baiskeli, na kama ni Januari, nunua plamu ule taratibu kwanza.