Nitilie za Zamani, Mwanangu

Figo langu la kushoto linadai fidia. Leo asubuhi nimepanda tuktuk kutoka Barani kuja Malindi mjini nikakalishwa juu ya spika. Sikusema karibu na spika, nimesema juu yake: kijana ametoa sponji ya kiti cha nyuma, akaweka sanduku la muziki, akalifunika leso. Ngoma ikidunda naruka, nikitua namkuta abiria mwenzangu ananitazama kama kwamba nafanya makusudi. Nikamwambia dereva kwa adabu, mwanangu, punguza. Akapunguza mwendo. Sauti akaiacha pale pale.

Basi ndani ya mtikisiko ule nikasikia kitu nakijua. Boney M hao, lile kundi la Ulaya la zamani, wamekatwakatwa kama mchicha, wanarudia neno moja tu mpaka unawaonea huruma.

"Huu wimbo wetu huu!" nikasema.

"Hapana, mzee. Umetoka juzi."

Umetoka juzi! Hao hao Boney M ndio waliochukua wimbo wa Them Mushrooms wa hapa hapa pwani mwaka 1983, ule wa kuwaamkua wageni, wakauimba huko Ulaya, ukarudi na wageni wenyewe, na Malindi haijapata usingizi tangu siku hiyo. Nikataka kumweleza, lakini huwezi kumweleza mtu historia huku meno yanagongana.

"Zenu ziko wapi?" akaniuliza. "Si utie kwenye flashi, mzee, nikuwekee?"

Zangu zipo. Kopo zima la biskuti limejaa kaseti, chini ya kitanda. Redio ndiyo iliyotangulia mbele ya haki. Mjukuu aliliona kopo akauliza kama zile ni dawa za mende. Sikumjibu, maana ningeanzia wapi? Kwenye mawe ya redio tuliyoyaanika juu ya bati ili yapate nguvu ya wimbo mmoja zaidi? Kwenye utepe uliomezwa, unauvuta polepole kama utumbo wa kuku, kisha unauzungusha urudi kwa biro ile ya pembe sita? Na vile vitundu viwili vya juu, vilivyovunjwa makusudi ili usirekodi juu ya mali ya watu, unaviziba kwa karatasi iliyotafunwa, unarekodi.

Hivyo ndivyo nilivyoidhulumu kaseti ya marehemu baba. Ilikuwa taarab ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, udi safi, dakika 45 kila upande. Nikaimwagia Queen, bendi ya Waingereza, juu yake. Na sikuijaza sawasawa, kwa hiyo gitaa likinyamaza unamsikia Zein anamalizia ubeti wake, kama mtu mzima aliyekatizwa mazungumzo akavumilia.

Baba hakuwa na ugomvi na Wazungu, ugomvi wake ulikuwa na makelele. Siku moja nimeweka Bohemian Rhapsody ya hao hao Queen, ile ya mwaka 1975, karibu dakika sita nzima, mara kanzu ikasimama mlangoni, na bakora imo mkononi. Na hapo hapo, wallahi, kaseti ikatamka Bismillah. Bakora ikashuka.

"Huyu nani?"

"Kijana wa Unguja, baba. Kazaliwa pale pale Unguja, mwaka 1946."

Na Freddie Mercury, mwimbaji wao, alizaliwa Unguja kweli, sikusema uongo. Niliona tu hakuna haja ya kutaja zile suruali. Baba akaketi. Bismillah ikatamkwa tena, akatikisa kichwa, akawa kama mtu anayeanza kumsamehe mwanawe. Halafu magitaa yakaingia. Redio ililala nje siku tatu, na mimi siku mbili.

Tuyaache. Nikaenda kutia flashi.

Kibanda chenyewe kiko uchochoroni nyuma ya soko. Wanatoa kopi, wanapiga picha za pasipoti, wanafungua simu zilizofungwa, na mlangoni wameandika TUNATIA NYIMBO. Kijana wa ndani shingo yake imepinda kama ndoano. Nikamwambia nataka za zamani.

"Za zamani zipi, babu? Za 2010?"

Nikavuta pumzi. Nikamtajia Marley, nikamtajia ABBA, nikamtajia Lionel Richie, akabonyeza bonyeza, dakika mbili kamaliza. Ujana wangu wote, dakika mbili. Ukabaki mmoja, na huo ndio niliokuwa nautaka hasa. Jina lake sikulijua hata siku ile. Niliurekodi redioni, na mtangazaji alipotaka kuutaja mama aliniita nikachote maji.

"Basi imba kidogo," akasema, akanisogezea simu mdomoni. "Hii inasikiliza, inakwambia."

Jamani, mimi ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi. Na mle ndani alikuwemo mama anayengoja kopi ya kitambulisho, muuza samaki na ndoo yake ya changu, na watoto watatu waliotoka chuoni na juzuu zao kifuani. Nikaimba, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta miwani. Simu ikasema haijasikia.

"Sauti, babu."

Nikaongeza. Simu ikaleta wimbo wa Kihindi. Yule mama wa kitambulisho akafurahi, anaujua, akaupokea kuanzia kiitikio. Nikamngoja amalize.

Mara ya tatu nikafumba macho, na hapo ndipo nilipoharibu. Maneno yake ninayo yote, silabi kwa silabi, kwa kile Kizungu chetu cha kuimbia ambacho hakiulizwi maana. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe. Nikapiga kiitikio, nikakirudia, nikaongeza na lile gitaa kwa mdomo. Nilipofumbua macho mlango umejaa watu. Muuza samaki katua ndoo. Na nyuma yao imesimama tuktuk, yule yule wa asubuhi, kazima muziki wake kunisikiliza! Nilichomwomba kwa adabu tangu Barani, sasa nimekipata bure.

Akajipenyeza jamaa mmoja anayewauzia Wataliano vinyago ufukweni.

"Mzee, hicho si Kiingereza. Ni Kitaliano hicho."

Akalitaja na jina: L'Italiano, wa Toto Cutugno, mwaka 1983. Kijana akabonyeza, ukalia, ndio wenyewe. Nywele zikanisimama. Lakini yule jamaa hakunyamaza, akasimama katikati ya kibanda kama mkalimani wa mkutano wa hadhara.

"Anasema yeye ni Mtaliano."

Watu wote wakanitazama.

"Anaiamkua Italia. Na tambi zake, zisizoiva sana."

"Tambi?"

"Tambi. Sasa anamtaja rais wao. Sasa redio ya gari iko mkono wa kulia, na dirishani kuna kanari. Mbele kule kuna krimu ya kunyolea ndevu, yenye harufu ya nanaa."

Naomba mnielewe. Wimbo huu ndio niliompitia nao mke wangu kabla hajawa mke wangu. Miezi minne, kila baada ya alasiri, redio begani, napita chini ya dirisha lao, napandisha sauti kwenye kiitikio, na macho nayalegeza kwa makusudi. Kwa krimu ya ndevu! Redio nilikuwa nayo, hilo kweli. Lakini dirishani hakukuwa na kanari, alikuwepo mama yake.

Na Wataliano hawa tunaishi nao! Mwaka 1970 walirusha setilaiti ya Wamarekani pale Ngomeni, ikaitwa Uhuru, ikaenda kuchungulia nyota. Wamefungua mahoteli, vijana wetu wanaota kwa Kitaliano. Asipatikane hata mmoja wa kunishika mkono mwaka ule akaniambia, ndugu yangu, hiyo ni chakula? Miaka arobaini nimeuimba bafuni. Nimeuimba kwenye harusi ya binti yangu, mbele ya wakwe!

Kijana akanitoza shilingi 200, mia ya nyimbo na mia ya flashi. Nimefika nyumbani, redio mpya ya mkwe wangu haiisomi, inawaka taa nyekundu, inazima. Eti inataka nyimbo ziwe za namna fulani. Nikatia tena, nikapuliza, nikaipangusa kwa kanzu, stima ikakatika.

Basi gizani nikamweleza mke wangu yote, maana Malindi hii angeyasikia tu kabla ya isha. Hakucheka. Alikuwa anachambua mchele kwa tochi ya simu, akaendelea kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Kaka yangu si alikuwa akiosha vyombo hotelini? Alitufasiria siku ya kwanza, mimi na mama."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Mama alidhani umepata kazi jikoni kwa Wataliano."

Mchele ameuweka kando, kaniwekea tambi. Za kwetu, za sukari na tui, zimeiva mpaka zimelegea, hazimwamkui rais yeyote. Iliki tu ndiyo haikuonekana. Nikauliza, nikaambiwa nimeze kimya kimya, kijifuko kisichojaa hata kiganja dukani wanataka mia. Mia! Ya punje ngapi? Nilizihesabu juzi, mbili zilikuwa maganda matupu.